Musoma Iko Mbali Kiasi Gani? Masafa ya Angani na ya Barabarani katika Mkoa wa Mara

Umbali kati ya miji miwili huandikwa kwenye vibao vya barabarani, kwenye tiketi za mabasi na kwenye vitabu vya jiografia kwa tarakimu moja isiyo na maelezo, na kwa sababu hiyo watu huizoea tarakimu hiyo wakadhani ni sifa ya ardhi yenyewe, kama kimo cha mlima au kina cha ziwa. Lakini Musoma ina umbali wa aina kadhaa kutoka Mwanza, na wa aina nyingi zaidi kutoka Arusha, kwa kuwa kinachopimwa si ardhi peke yake bali ni njia, na njia hutokana na maji, na sheria, na mipaka, na fedha zilizotumika au zisizotumika kwa miaka mingi. Uchambuzi huu unaangalia masafa ya angani na ya barabarani kati ya miji ya Mara na majirani zake, ukianzia Musoma na Bunda, na hoja yake ni kwamba tofauti kati ya masafa hayo mawili yafaa isomwe kama daftari la madeni, linaloonyesha ni nani anayelipia kizuizi kipi, na kwa kiasi gani.

Umbali wa angani ni urefu wa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia kati ya nukta mbili. Kwa kuwa dunia ni mviringo, njia hiyo haiwi mstari mnyoofu kamili bali ni kipande cha kile ambacho wanajiografia hukiita duara kuu, yaani duara linaloigawa dunia katika nusu mbili zilizo sawa. Katika safari ndefu, kama ile ya kutoka Dar es Salaam hadi London, hesabu ya duara kuu huhitaji fomula zenye kutumia nusu kipenyo cha dunia, ambacho kwa wastani ni kilomita 6,371. Mkoa wa Mara, hata hivyo, uko karibu sana na ikweta, na mahali kama hapo digrii moja ya latitudo na digrii moja ya longitudo zina urefu unaokaribiana mno, takribani kilomita 111 kila moja, kiasi kwamba mwanafunzi wa sekondari anaweza kuupata umbali wa angani kwa kanuni ya Pythagoras bila ya kukosea kwa zaidi ya kilomita moja au mbili.

Musoma iko kwenye latitudo 1.5 kusini na longitudo 33.8 mashariki, na katikati ya jiji la Mwanza ni takribani latitudo 2.5 kusini na longitudo 32.9 mashariki. Tofauti ya latitudo ni kama digrii moja, sawa na kilomita 113 hivi ukizingatia desimali zilizoachwa, na tofauti ya longitudo ni digrii 0.9, sawa na kilomita 100. Pembetatu mraba yenye pande za kilomita 113 na 100 ina kiegama, yaani upande mrefu unaoikabili pembe mraba, cha takribani kilomita 150, na huo ndio umbali wa angani kati ya miji hiyo miwili. Kwa marubani, ambao hupima masafa kwa maili ya bahari yenye mita 1,852, ni maili 81.

Barabara kati ya Mwanza na Musoma ina takribani kilomita 220, na sababu ya tofauti hiyo huonekana mara tu ramani inapofunuliwa. Mstari wa angani unaotoka Mwanza hupita juu ya maji ya Ghuba ya Speke, ule mkono wa Ziwa Viktoria unaoingia mashariki kati ya Magu na rasi ya Kibara. Basi haliwezi kupita huko, kwa hiyo huelekea mashariki kupitia Nyanguge na Magu, ziwa likiwa upande wa kushoto, hadi Lamadi kwenye kona ya ghuba, kisha hugeuka kaskazini kupitia Bunda. Na Lamadi, kwa bahati ya jiografia, iko karibu kwenye longitudo ileile ya Musoma. Maana yake ni kwamba barabara hufuata pande mbili za ile pembetatu mraba, upande wa kilomita 100 kwenda mashariki na upande wa kilomita 113 kwenda kaskazini, jumla 213, ilhali ndege hupita kwenye kiegama. Kilomita saba hivi zinazosalia ndizo za kona, mabonde na makorongo ya kawaida ambayo barabara yoyote huyakuta. Kwa maneno mengine, karibu mzunguko wote wa safari ya Mwanza na Musoma ni kazi ya ghuba moja.

Wachambuzi wa usafiri hutumia kipimo kinachoweza kuitwa uwiano wa mzunguko, ambacho hupatikana kwa kugawanya umbali wa barabarani kwa umbali wa angani. Barabara isiyo na kizuizi chochote ingekuwa na uwiano wa 1, na katika nchi tambarare yenye barabara nyingi uwiano huwa kati ya 1.1 na 1.3. Kati ya Musoma na Bunda, ambako barabara hushuka kusini bila ya kukutana na ziwa wala mlima mkubwa, kilomita 70 za lami hulingana na kilomita 61 hivi za angani, na uwiano ni wa kawaida kabisa. Kati ya Bunda na Mwanza, barabara ina kilomita 150 dhidi ya 120 za angani, na uwiano unakuwa 1.25. Ni mtu wa Musoma, aliye juu ya kona yote, ndiye anayekuta uwiano wa karibu 1.5, na kadiri makazi yalivyo magharibi zaidi katika rasi za Kibara na Majita, hali inazidi kuwa mbaya, kwa sababu mkazi wa huko huweza kukaa ng'ambo tu ya maji yanayomtenganisha na mkoa wa Mwanza huku basi likilazimika kumrudisha kwanza mashariki hadi Bunda.

Ifahamike pia kwamba hata umbali wa angani hauna maana kabla ya kutaja nukta ya kuanzia na ya kuishia. Uwanja wa ndege wa Mwanza uko Ilemela, kaskazini mwa jiji, na kutoka hapo hadi uwanja wa Musoma, ulio ndani ya mji wenyewe, ni takribani kilomita 142 na si 150. Anayesoma kwenye kitabu kimoja 142 na kwenye kingine 150 hajakuta kosa, amekuta maswali mawili tofauti yaliyojibiwa vizuri. Rubani naye hazipati hata hizo 142 zikiwa halisi, kwa kuwa ndege huruka kwa kuukabili upepo wa siku hiyo, hupanda, hujipanga na njia za anga na kuzunguka kabla ya kutua.

Umbali wa barabarani una nguvu ya kisheria ambayo ule wa angani hauna. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, hupanga nauli za mabasi ya masafa marefu kwa kila abiria kwa kila kilomita, na katika viwango vilivyotangazwa mwishoni mwa mwaka 2023 daraja la kawaida liliwekewa ukomo wa shilingi 48.47 kwa kilomita, na daraja la kati shilingi 67.84. Kwa kiwango cha daraja la kawaida, kilomita 220 za Mwanza hadi Musoma zinafikia shilingi 10,663, na zile kilomita 70 zinazozidi umbali wa angani peke yake ni shilingi 3,393. Hicho ndicho kiasi ambacho Ghuba ya Speke humgharimu abiria mmoja kwa safari ya upande mmoja. Muuza dagaa anayekwenda Mwanza na kurudi mara nne kwa mwezi hulipia ghuba hiyo shilingi 27,000 na zaidi, kabla ya kuhesabu mzigo wake, na hulipa bila ya kujua, kwa sababu tiketi haitenganishi kilomita za lazima na kilomita za mzunguko.

Muda nao una hesabu yake. Sheria ya Tanzania huyapa mabasi na malori mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa, na 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Kilomita 220 kwa mwendo wa 80 zingeisha kwa saa mbili na dakika 45, lakini barabara ya Mwanza hadi Musoma hupita katikati ya Kisesa, Nyanguge, Magu, Lamadi na Bunda, na kati ya miji hiyo kuna senta ndogo zenye matuta, vivuko vya wanafunzi na mizani, hivyo safari huwa ya saa tatu na nusu hadi nne. Kusini mwa Bunda, karibu na lango la Ndabaka, barabara hukata ukanda mwembamba ambapo Hifadhi ya Serengeti inakaribia kuligusa ziwa, na hapo dereva mwangalifu hupunguza mwendo kwa ajili ya wanyama wanaotafuta maji.

Ubaya wa kuhesabu kilomita bila ya kuhesabu muda huonekana wazi zaidi katika huduma za afya. Kata ya Manyamanyama iko ndani ya Mji wa Bunda, kando ya barabara kuu, na mgonjwa anayepata rufaa kutoka hapo ana njia mbili: kaskazini hadi Musoma, ambako kuna Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere huko Kwangwa, au kusini-magharibi hadi Mwanza, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando. Ya kwanza ni kilomita 70 na ya pili ni 150, na kwa gari la wagonjwa tofauti hiyo ni zaidi ya saa moja. Kilomita 80 za nyongeza si kitu kwa msafiri wa sherehe, lakini kwa mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua ni muda ambao hakuna dereva, hata awe hodari namna gani, anayeweza kuurudisha. Ndiyo maana kuimarisha hospitali ya Musoma, kwa mtazamo wa umbali, ni sawa na kujenga barabara: huifupisha safari bila ya kuisogeza miji.

Kama ghuba ndicho kizuizi cha upande wa Mwanza, kizuizi cha upande wa Arusha ni hifadhi, na hapa ndipo suala zima linapokuwa zito. Kwa angani, Musoma na Arusha zimetengana kwa takribani kilomita 380. Njia fupi ya barabara hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na eneo la Ngorongoro, na ina kati ya kilomita 480 na 570 kutegemea lango litakalotumika, la Ikoma au la Ndabaka. Ni njia ya vumbi na changarawe kwa sehemu kubwa, mwendo ndani ya hifadhi hauruhusiwi kuzidi kilomita 50 kwa saa, malango hufungwa jioni, na abiria wa basi hulipa viingilio vya hifadhi hata kama hana haja ya kumtazama mnyama yeyote na anachotaka ni kuwahi msiba Moshi. Asiyetaka njia hiyo huzunguka kusini: Lamadi, Bariadi, Maswa, Shinyanga, Nzega, Singida na Babati, zaidi ya kilomita 900 za lami, na uwiano wa mzunguko unapanda hadi karibu 2.4. Njia ya tatu hupita Sirari, Kisii, Narok, Nairobi na Namanga, takribani kilomita 750 hadi 800, na humlazimu Mtanzania kutoka nje ya nchi yake na kuingia tena ili kufika mkoa mwingine wa nchi hiyohiyo.

Njia hiyo ya tatu ina historia yake. Kabla ya lami kukamilika kati ya Nzega, Singida na Babati, mabasi ya Mwanza na Musoma yaliyokwenda Dar es Salaam yalipita Nairobi kwa miaka mingi, na abiria walibeba hati za kusafiria kwa safari ambayo kwa sheria ilikuwa ya ndani. Umbali wa Dar es Salaam ulipungua kwa watu wa Mara pale lami ilipounganika upande wa kusini, na ukapungua tena lami ilipokamilika kati ya Mwigumbi, Maswa, Bariadi na Lamadi, vipande vitatu vya jumla ya kilomita 172 hivi, kwa sababu basi halikulazimika tena kwenda hadi Mwanza ili lirudi kusini. Miji haikusogea hata mita moja. Kilichobadilika ni uamuzi wa bajeti.

Mwaka 2010 serikali ilitangaza mpango wa barabara ambao ungeifupisha njia ya Arusha na Musoma kwa kupitia Mto wa Mbu, Loliondo, Mugumu na Natta, huku kipande cha takribani kilomita 53 kikipita kaskazini mwa Serengeti, mahali ambapo nyumbu zaidi ya milioni moja huvuka kila mwaka katika msafara wao wa kwenda na kurudi Maasai Mara. Shirika la kutetea wanyama lenye makao Nairobi lilifungua shauri mwaka huohuo katika Mahakama ya Afrika Mashariki, na tarehe 20 Juni 2014 mahakama hiyo iliamua kwamba kujenga barabara ya lami kupita eneo hilo la hifadhi kungekiuka mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Serikali yenyewe, mwaka 2011, ilikuwa imekwisha kueleza kwamba kipande cha ndani ya hifadhi kingebaki cha changarawe. Tangu hapo lami imekuwa ikisogezwa kutoka ncha zote mbili, upande wa Makutano na Sanzate kwa magharibi na upande wa Loliondo kwa mashariki, bila ya kukutana katikati.

Kwa maoni yanayotetewa hapa, mahakama ilikuwa sahihi. Barabara ya lami huleta malori ya usiku, malori huleta uzio, na uzio ukikata msafara wa nyumbu hakuna fedha itakayouunganisha tena. Lakini uamuzi sahihi nao una gharama, na gharama hiyo haikugawanywa kwa haki. Faida ya Serengeti iliyo nzima huenda kwa dunia, kwa hazina ya taifa na kwa makampuni ya watalii ambayo mengi yako Arusha, ilhali kilomita za nyongeza hulipwa na mkulima wa Ikizu, mfanyabiashara wa Butiama na mwanafunzi wa Manyamanyama aliyepangiwa chuo Arusha. Njia ya kusini mwa hifadhi, kupitia Maswa na ukingo wa Ziwa Eyasi hadi Karatu, ambayo wahifadhi wenyewe waliipendekeza kuwa mbadala, ingewahudumia watu wengi zaidi bila ya kuukata msafara, na anayesema barabara ya kaskazini isijengwe ana wajibu wa kuipigania ile ya kusini kwa sauti ileile.

Kizuizi cha tatu ni mpaka, na hiki ndicho ghali kuliko vyote ingawa hakizungumzwi sana. Ukichora duara kwenye ramani ukiiweka Musoma katikati, utakuta kwamba kwa angani Kisumu iko umbali wa takribani kilomita 190, Kampala 240, Nairobi 340, ilhali Dodoma, makao makuu ya nchi, iko 560, na Dar es Salaam 840. Kwa hiyo Musoma iko karibu zaidi na miji mikuu ya nchi mbili jirani kuliko na makao makuu ya nchi yake. Kwa barabara picha hugeuka: Kampala inakuwa zaidi ya kilomita 600, kwa kuwa lazima kuzunguka ukingo wote wa mashariki wa ziwa, na uwiano wa mzunguko unapita 2.5.

Haikuwa hivyo siku zote. Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 meli za reli za Afrika Mashariki zilizunguka ziwa zikigusa Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell. MV Victoria ilianza kazi mwaka 1961, na miaka michache baadaye zikaja MV Umoja na MV Uhuru zilizobeba mabehewa mazima ya treni juu ya sitaha, hivyo shehena ya pamba ya Mara ingeweza kuingia kwenye behewa na kufika reli ya Kenya bila ya kushushwa. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mali ziligawanywa na mzunguko huo ukafa. Ziwa lilelile lililokuwa barabara likawa ukuta. Ni mfano mmoja ulio wazi kuliko yote wa umbali unaoongezeka bila ya ardhi kubadilika, na ni jambo la kusikitisha kwamba kizazi kizima cha watu wa Musoma kimekua kikiiona bandari yake kama mahali pa kuanikia dagaa tu.

Mfano wa kinyume chake uko kusini mwa ziwa. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025, na kwa vipimo vya ramani halikupunguza chochote, kwani vivuko vilipita karibu mstari uleule. Lakini foleni ya vivuko, iliyoweza kumla msafiri saa kadhaa, imegeuka kuwa dakika chache za gari. Kabla yake, katikati ya miaka ya 1980, Daraja la Kirumi lilifanya kazi kama hiyo kwenye Mto Mara, kati ya Musoma na Tarime. Madaraja haya mawili yanatosha kuonyesha kwamba kilomita ni nusu tu ya kipimo.

Usafiri wa ndege haujaweza kuziba pengo kati ya masafa ya angani na ya barabarani kwa Mara. Uwanja wa Musoma ulikuwa na njia ya kurukia ya changarawe kwa miaka mingi, na serikali imekuwa ikiujenga upya kwa lami katika miaka hii ya 2020. Pasipo ndege za ratiba kutoka hapo, msafiri wa Musoma anayetaka kuruka kwenda Arusha huanza kwa kwenda kilomita 220 kusini-magharibi hadi Mwanza, kisha huruka takribani kilomita 470 kurudi mashariki hadi uwanja wa Kilimanjaro, akipita angani kusini ya mahali alipotoka asubuhi, na mwisho hupanda gari kilomita 50 hivi hadi mjini. Jumla ni kilomita 740 kwa miji iliyotengana kwa 380.

Kwa hiyo anayeulizwa Musoma iko mbali kiasi gani anapaswa kwanza kuuliza: kwa njia ipi, kwa chombo gani, na kwa fedha za nani. Vitabu vya shule na ofisi za mipango zingefanya jema kama zingeandika masafa matatu pamoja, ya angani, ya barabarani na ya saa, kwa kila jozi ya miji, ili mwananchi aone mwenyewe mahali mzunguko ulipo na adai haki yake. Na kati ya vizuizi vitatu, ghuba haitahama, hifadhi haifai kuguswa, lakini mpaka unaweza kuvukwa, kwa kuwa njia ya maji kutoka Musoma hadi Kisumu na Port Bell ipo tangu zamani na haihitaji lami. Mwanza imekwisha kujenga meli ya kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo. Wabunge wa Mara waombe meli iguse Musoma.